Tusiisifie kutu kwa rangi yake

Wanaotaka kupasua maji kwa jua wapate haidrojeni huanza na pengo la nishati, yaani nishati ya chini kabisa ambayo mwanga lazima uwe nayo ili ung'oe elektroni ndani ya kitu. Hematiti, oksidi nyekundu iliyomo kwenye kutu, ina pengo la takriban eV (elektronivolti) 2.1. Inafyonza mwanga hadi nanomita 590 hivi, bei yake ni ya chini, na hesabu inaipa mkondo wa miliampea 12.6 kwa kila sentimita ya mraba. Vipande halisi hata nusu ya hapo hufika kwa taabu. Lawama hutupiwa uso: pakaa kobalti, ongeza kichocheo. Mimi naona mchawi yumo ndani, na humaliza kazi yake kabla chaji haijaufikia huo uso.

Mwanga ukishapiga, elektroni hutua kwenye ioni ya chuma, Fe³⁺ ikawa Fe²⁺. Oksijeni zinazoizunguka, kwa kuwa nazo zina chaji hasi, husukumwa nje kidogo. Ni kama kukalia godoro la sufi: unabonyea, na shimo ulilolichimba mwenyewe ndilo linalokuzuia kuinuka. Elektroni na bonyeo lake huitwa polaroni ndogo, na yote haya hutimia ndani ya pikosekunde moja, sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Ili elektroni ihame, mtikisiko wa joto sharti kwanza ulibonyeze godoro la ioni jirani, mabonyeo yawe sawa. Ndipo elektroni huruka. Ndiyo maana joto likizidi chaji za hematiti hutembea kwa urahisi zaidi, kinyume cha silikoni safi. (Usikimbilie kipimo cha Hall, kinachopima chaji kwa kutumia sumaku, kuthibitisha hilo, kwa polaroni ndogo kinaweza kukosea hata alama ya chaji.)

Matundu nayo (nafasi zenye chaji chanya zinazoachwa na elektroni, zinazotakiwa kufika usoni) hufika nanomita 2 hadi 4 tu, ilhali mwanga wa nanomita 550 huzama zaidi ya 100. Filamu ya nanomita 500 inafyonza vizuri, lakini matundu yanafia njiani. Ya 20 inayafikisha, ila mwanga mwingi unapita bure. Wengine huichoma kwa nyuzi 800 kwa dakika 10 hadi 20 ili bati lililomo kwenye mpako wa kioo kinachobeba filamu lipenye ndani. Upitishaji wa umeme hupanda kweli, japo kioo cha kawaida hulainika na kupinda. Lakini bati huongeza idadi ya elektroni tu. Haliinui hata moja kutoka godoroni.

Kabla ya kununua kichocheo, gawanya mkondo kwa fotoni (chembe za mwanga) zilizofyonzwa, si zilizomulikwa, rangi moja baada ya nyingine. Kwa hematiti jibu hushuka kuelekea wekundu, kwa sababu sehemu ya mwanga huo huhamisha elektroni ndani ya ioni ileile ya chuma. Rangi unaiona, chaji ya kusafiri hakuna.

Bismathi vanadeti ina pengo la eV 2.4 na kikomo cha miliampea 7.5 tu. Elektroni zake nazo hubonyea, kwenye vanadi, lakini chaji husafiri nanomita 70 hivi, na vipande vyake hukaribia kikomo chao kuliko vya kutu. Ningeanza na hiyo.