Shangazi Aota Ndevu

Shangazi yangu hana ndevu. Nalisema hili mapema kwa sababu humu ndani kuna vipande vya plaiwudi vinavyodai vinginevyo, na siku nikiondoka duniani watoto wasije wakavikuta wakaanza kuulizana maswali kuhusu ukoo.

Mashine yangu ni leza ndogo ya dayodi, ile ya mwanga wa buluu inayokaa juu ya meza. Inachoma picha mstari kwa mstari, kichwa kikienda na kurudi, na ikiwa na afya nukta yake haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Uso wa mtu unatoka na kope zake. Miezi yote ilikuwa na afya, ikachora majina, maua, hata paka wa jirani. Shangazi alipoagiza picha yake ndipo ikaamua kuugua.

Wakati inachoma sikuona kitu. Ukivaa miwani ya kinga dhidi ya mwanga wa buluu, dunia nzima ni ya rangi ya chungwa, na Shangazi pia. Kazi ilipoisha nikavua miwani, nikafuta masizi. Paji la uso, sawa. Macho yamefifia, lakini yapo. Chini ya pua, masharubu. Sisemi kivuli, nasema masharubu, tena ya mtu anayeyatunza. Kidevuni ndevu za kuzunguka. Na ukingo wa shingo ulikuwa na meno kama msumeno.

Mama akapita, akasimama.

"Huyu si wifi yangu?"

"Ndiye, Mama."

Akakichukua kile kipande, akakisogeza dirishani apate mwanga wa kutosha. Sijamwona Mama akifurahia kazi yangu kiasi kile.

"Mbona ametoka vizuri tu. Usiguse kitu."

Nikagusa. Picha ikififia, mshukiwa wa kwanza huwa ni lenzi, maana moshi wa mbao, hasa wa plaiwudi na gundi yake, hupanda moja kwa moja na kuganda pale. Nikachomoa umeme ukutani (siyo kuzima kwa swichi, kuchomoa, macho hayana spea), nikachovya kijiti cha pamba kwenye spiriti safi, nikazungusha taratibu bila kusugua. Kijiti kikatoka cha kahawia. Kingine nacho. Vilivyofuata vikaanza kung'aa, nami nikaanza kupiga mluzi.

Nikachoma upya. Ndevu zikakolea! Na ukifikiri, ni haki yake: lenzi safi inapitisha nguvu zaidi, na nguvu zaidi maana yake ni weusi zaidi. Nilikuwa nimemnunulia Shangazi dawa ya kuotesha.

Hapo mdogo wangu akajitokeza. Huyu hana mashine, ana video. Ametazama video za leza mpaka anazungumza kwa lafudhi ya wale mafundi.

"Kaka, punguza nguvu. Toka asilimia 80 shuka 50."

Nikashuka. Paji likatoweka, mashavu yakatoweka, macho yakaenda nayo. Ndevu hazikutikisika. Shangazi alibaki ndevu na hereni.

Nikaziacha ndevu kwa muda, nikageukia ile shingo yenye meno. Huu ni ugonjwa mwingine kabisa. Kichwa kinapochoma kikienda na kinapochoma kikirudi, mistari inatakiwa ianzie na kuishia pamoja. Ikipishana hata nusu milimita, kila ukingo uliosimama unakatika meno. Kila mtu atakwambia ukaze mkanda unaovuta kichwa, nami nikakaza, na hakuna kilichobadilika, maana mkanda haukuwa na neno. (Usikaze mpaka ulie. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unalemea mota, na unakuletea matatizo mapya kabla hujamaliza ya zamani.)

Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikapiga mstari mfupi ukianzia kwenye ncha ya mhimili wa mota na kuvuka hadi kwenye puli, kile kigurudumu kinachovuta mkanda. Umeme ukiwa umezimwa, nikashika kichwa nikakivuta kushoto, kulia, kushoto. Ule mstari ukakatika. Nusu iliyo kwenye puli ikaondoka, ile ya kwenye mhimili ikatulia, kisha ikafuata kwa uvivu. Kwenye puli kuna skrubu ndogo isiyo na kichwa, ya kukazwa kwa kaspana ka pembe sita. Ilikuwa imelegea, na haikukaa kwenye ule upande bapa wa mhimili inapopaswa kukaa. Nikaipanga, nikakaza. Basi kila kichwa kilipogeuza njia, puli ilikuwa inateleza kidogo kabla ya kushika.

Shingo ikapona. Ndevu nazo zikafaidika: sasa zilikuwa na kingo kali, kama zimetoka kinyozi.

Ikabaki fokasi, yaani kile kimo cha kichwa ambapo nukta inakuwa ndogo kabisa. Mashine ilikuja na kipande cha plastiki nyeusi cha kupimia: unakiweka juu ya ubao, unashusha kichwa mpaka kikiguse, unakaza, unakiondoa. Kilikuwa kimepotea tangu zamani, na mdogo wangu akanikatia kingine cha boksi la katoni, akakiita "kipimo mbadala". Tatizo la katoni ni kwamba inabonyea. Kila nilipokishindilia kichwa juu yake, kipimo mbadala kilipungua unene, na kichwa kikawa kinashuka, kazi hadi kazi, bila mtu kujua.

Nikafanya jaribio la mteremko. Unainua ubao upande mmoja, unachora mstari mmoja ulionyooka kutoka chini kupanda juu. Mwanzoni mstari ni mnene na umechoka, unakuja unakonda, unakuwa uzi, kisha unanenepa tena. Pale palipo uzi ndipo penye kimo sahihi. Nikapapima, nikalinganisha na ile katoni. Tofauti ilikuwa milimita 3.

Kwa hiyo ndevu zimeeleweka. Mistari ilipangwa kuachana kwa milimita 0.1, lakini nukta ilikuwa imenenepa mara kadhaa ya hapo, kila mstari ukawa unamchoma na jirani yake. Kijivu kikawa cheusi, cheusi kikawa mkaa. Na uso wa mtu aliyepigwa picha mchana una kivuli wapi? Chini ya pua, na chini ya mdomo.

"Mama, hujaona kale kaplastiki keusi kangu?"

"Kapo kazini."

Kalikuwa chini ya mguu wa meza. Meza ilikuwa inatikisika, Mama alikuwa anafagia, akaona kitu hakina kazi akakipa kazi. Nikakachomoa kwa furaha, nikaweka fokasi, nikawasha. Kwa mwendo wa milimita 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde, kichwa kinapogeuza ghafla kinapiga meza kikumbo, na meza isiyo na mguu wa nne ikaitikia. Ndevu zilikwisha, lakini pembeni mwa kila mstari wa uso kukawa na mawimbi. Shangazi alionekana anazungumza kutoka ndani ya maji.

"Nilikwambia usiguse kitu," Mama akasema.

Tukabadilishana. Katoni ikaenda chini ya meza, plastiki ikarudi kupima fokasi, na mdogo wangu akasononeka kidogo kwa niaba ya uvumbuzi wake.

Picha iliyofuata ilikuwa kazi ya kujivunia. Kope, tundu la hereni, uzi wa kushonea ukosi, vyote. Shangazi alipokuja nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaigeuza. Akaitazama tena.

"Mwanangu, huyu bibi kizee ni nani?"

Mikunjo. Kila mkunjo ulikuwepo, na mingine nadhani hata yeye alikuwa hajajulishwa.

"Ni wewe, Shangazi. Leza sasa inaona vizuri."

"Basi ipunguze macho."

Nikapandisha kichwa milimita 2 juu ya fokasi, nikaitawanya mistari hadi 0.2 ili zile ndevu zisirudi, nguvu nikaishusha kidogo. Paji likalainika, mashavu yakajaa, miaka kumi ikaondoka na moshi. Shangazi akaikumbatia, akaiita picha ya kwanza kutoka vizuri tangu mashine inunuliwe.

Mama akachungulia juu ya bega lake.

"Imeharibika tena," akasema.