Mpikie mbwa kwa bei nafuu, lakini usimpikie makombo

Ukimwambia mtu kwamba unampikia mbwa badala ya kumnunulia chakula cha mfuko, majibu huwa mawili. Mmoja atakucheka kwamba unadekeza mnyama. Mwingine atauliza: kwani kuna nini cha kupika, si umpe tu makombo? Huyu wa pili ndiye anayenishughulisha, maana wengi wetu tukitaka kubana matumizi huanzia hapo hapo alipo yeye. Tunadhani chakula rahisi cha mbwa ni kile ambacho binadamu amekikataa: unga ulioota ukungu, mifupa iliyotoka kwenye mchuzi, wali wa juzi.

Tuanze na huo mchuzi. Karibu kila mboga tunayopika sisi imeanza na kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kuvipika hakuviondolei sumu yake. Mbwa anayemiminiwa mchuzi kila jioni anaweza kuishiwa damu polepole huku mwenyewe akidhani anamtendea wema. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha, ikatoboa utumbo. Unga wenye ukungu ndio mbaya kuliko vyote: sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, hushambulia ini, mbwa ni dhaifu sana mbele yake, na kuuchemsha muda mrefu hakuiondoi. Kama unga huo haufai kwako, na kwake haufai. Umwage.

Unafuu wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwenye sehemu za mnyama ambazo wanunuzi hawazigombei. Moyo, firigisi, mapafu, bandama, nyama ya kichwa. Moyo wa ng'ombe ni msuli kama misuli mingine, una protini nyingi na mafuta kidogo, na mbwa hana habari kwamba si steki. Ini ni zuri pia, ila kwa kiasi: lina vitamini A nyingi mno, na ikizidi kwa muda mrefu huumiza mifupa na maungio. Gramu 50 kwa kila kilo ya nyama nyingine zinatosha.

Hapa kuna jambo ambalo sitalipita haraka. Viungo hivi vipikwe hadi viive kabisa. Mapafu na maini ya kondoo, mbuzi na ng'ombe huweza kuwa na vifuko vya maji ambavyo ndani yake mna vijidudu vya tegu aitwaye Echinococcus granulosus. Mbwa akivila vibichi, tegu hukomaa tumboni mwake, na mayai hutoka na kinyesi. Mtoto anayecheza na mbwa huyo akila bila kunawa mikono, uvimbe kama ule ule huweza kuota kwenye ini au mapafu yake, ukakua miaka mingi bila dalili. Kwa hiyo nikisikia mtu akisifia kumpa mbwa maini mabichi eti ndiyo asili yake, mimi humuuliza kwanza nyumbani kwake kuna watoto wangapi.

Hoja hiyo ya asili ina mwenzake: kwamba mbwa ni mbwamwitu, basi ale nyama tupu. Ushauri huo ni ghali na hauna msingi imara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi ya mbwamwitu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Wali, unga wa mahindi, viazi vitamu, vyote humfaa vikiiva vizuri. Kinachomletea shida ni nafaka kuwa ndiyo chakula chote, hasa pumba, ambayo huzuia zinki isifyonzwe. Ngozi hukauka na kufanya magamba kuzunguka macho na mdomo, na watu huanza kumpaka mafuta.

Sasa kalsiamu, ambayo ndiyo wapishi wengi wa nyumbani huisahau. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, wakati mbwa anahitaji kalsiamu angalau ilingane na fosforasi, isizidi mara mbili yake. Ikipungua, mwili huichota kwenye mifupa. Dawa yake unaitupa kila ukikaanga mayai: maganda. Yaoshe, yachemshe, yakaushe, kisha yasage hadi yawe laini kama unga. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 2 za kalsiamu.

Sufuria yangu ya kawaida ina kilo moja ya moyo na firigisi, gramu 50 za ini, nusu kilo ya mchele mkavu, nusu kilo ya karoti au boga, vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya kupikia, vijiko viwili vya chai vya unga wa maganda, na chumvi kidogo yenye madini ya joto. Mboga zisage au ziponde, la sivyo zitatoka kama zilivyoingia. Mbwa mzima wa kilo 10 anahitaji takriban kalori 600 kwa siku, hivyo sufuria hiyo itamfikisha siku tano au sita. Igawe na uigandishe.

Hata hivyo haijakamilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa, na asilimia 95 yalipungukiwa walau kirutubisho kimoja. Zinki, vitamini D na vitamini E ndizo hukosekana mara kwa mara. Dagaa au sardini wasio na chumvi nyingi husaidia upande wa vitamini D, lakini nashauri pia ununue unga wa vitamini na madini wa mbwa, tena kwa kumuuliza daktari wa mifugo kipimo, kwa sababu baadhi ya unga huo tayari una kalsiamu na utalazimika kupunguza maganda. Bado utakuwa umeokoa fedha.

Kwa mbwa wawili tu siwezi kukushauri sufuria hii: mwenye ugonjwa wa figo, na mtoto anayekua, hasa wa aina kubwa. Mifupa ya mtoto haisamehi kalsiamu iliyopungua wala iliyozidi. Huyo mnunulie chakula cha mfuko cha watoto mpaka akomae, ndipo umhamishie chako kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja.