Mchanga wa Cape Cod una mwenyewe, wa Diani una ukuta

Mamangu akinipigia simu nikiwa baharini huku Marekani, swali lake la kwanza ni, "Maji yamejaa ama yamepwa?" La pili ni, "Mmelipa?" La kwanza namjibu upesi. Hilo la pili ndilo limenikalisha kuandika haya.

Naishi Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi kiasi kwamba unga wa ugali hausumbui kupata. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Joto likiingia, Jumapili ambayo sina zamu napakia watoto kwenye gari twende Cape Cod, ile rasi iliyojikunja baharini kama mkono wa mtu anayeonyesha misuli. Watu wa Likoni wataielewa safari hii bila maelezo. Rasi imetengwa na bara kwa mfereji wa kuchimbwa, na kwa gari huna pa kuvukia ila madaraja mawili, Bourne na Sagamore, yote ya 1935. Wikendi ya kiangazi foleni pale ni ya kufungua biskuti na kuzimaliza. Huwa nacheka peke yangu: nimeikimbia foleni ya feri Mombasa, kumbe imenitangulia.

Mwaka wa kwanza nilikwenda kama nilivyozoea kwenda Bamburi. Unafika, unavua viatu, unaingia. Nikatembea na binti yangu kando ya maji, tukaipita kamba iliyofungwa kwenye vigingi, tukatandika leso. Bibi mmoja mwenye kofia pana akateremka ngazi za nyumba yake, akaniuliza kwa sauti ya asali kama anaweza kunisaidia. Aliyeishi huku anaijua maana ya "nikusaidie" ya aina hiyo. Akanieleza kuwa mchanga huo ni wake, hadi kule chini maji yanakoishia yakipwa. Nikamwona punguani. Bahari ya mtu?

Nilipotafuta nikakuta ni mimi niliyekuwa sijui. Massachusetts bado inafuata sheria ya wakoloni wa Kiingereza ya miaka ya 1640: mwenye kiwanja cha pwani anamiliki mpaka mstari wa maji kupwa. Umma uliachiwa mambo matatu tu katika eneo hilo: kuvua samaki, kuwinda ndege na kupita na chombo. Kutembea kwa starehe hakumo. Kutandika leso na kula bajia, usithubutu. Ndiyo maana huku kuna mzaha kwamba ukitaka kutembea ufuoni, beba fimbo ya mshipi. Ukiulizwa, wewe ni mvuvi.

Sasa njoo kwetu. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Hapo hata hoteli ya nyota tano haina chake. Yaani kwa karatasi tumewapiga hawa watu mabao mengi. Niliposoma nilifurahi, nikawatangazia wenzangu kazini kwamba kwetu bahari haina bwana.

Furaha hiyo ilikufa Diani, kusini mwa Mombasa, Desemba moja nilipokwenda likizo. Nilichukua watoto sita, wangu na wa dada yangu, nikawapeleka kwenye kinjia nilichopita utotoni, kati ya viwanja viwili, chenye mawe ya matumbawe yaliyokuwa yakitukata visigino. Kinjia hakipo. Pana ukuta mweupe, geti, na soja kijana wa Kidigo.

"Mama, huku ni kwa wageni wa hoteli."

"Na bahari je?"

"Bahari ni ya wote, mama. Njia ndiyo si ya wote."

Sikumkasirikia. Alisema kweli tupu, na nadhani alikuwa ameshaisema mara nyingi. Tulitembea kando ya lami karibu nusu saa, jua la utosi, watoto wamejivika tyubu viunoni, mpaka tukapata njia iliyo wazi, nayo imejaa chupa za plastiki na matope ya mvua. Tulipougusa mchanga tukageuka, tukarudi ule mwendo wote kwa ufuoni, tukakaa mbele ya hoteli ileile. Tukala mihogo yetu ya pilipili na ndimu. Yule soja akatuona toka juu, akacheka, akatugeuzia mgongo. Hakuwa na la kufanya. Ibara ya 62 ilikuwa imekalia leso.

Tangu siku hiyo nikienda Cape Cod natazama njia kuliko maji. Wenye majumba wana mchanga wao, sawa, lakini miji mingi ya kule ina vichochoro vyake vya umma vya kuteremkia majini. Unakuta ua wa tajiri huyu na ua wa tajiri yule, na katikati kinjia chembamba na kibao kidogo kinachokwambia ni cha umma. Tajiri anapanda maua kandokando, lakini hakizibi. Kile kibao ndicho ninachokionea wivu, kuliko barabara zao na kuliko mishahara yao.

Na upande wa bahari kuu serikali ilitenga karibu maili 40 za ufuo kuwa hifadhi ya taifa. Rais Kennedy, ambaye familia yake ina nyumba kulekule, alitia saini Agosti 1961. Huko hakuna bibi wa kofia. Kuna geti la magari, dola 25 kwa siku wakati wa kiangazi, kwa hiyo ndiyo mama, tumelipa. Fuo za miji nazo zina stika za wakazi, na ukipaki bila stika utaondoka na karatasi ya faini kiooni. Kufuli lao ni maegesho: usipokuwa na gari, bahari ni ya kuonea kwenye simu.

Ukishaingia, choo ni kisafi, maji ya kujisuuza yapo, waokoaji wamekaa juu ya viti vyao virefu. Maji yenyewe yanakata mifupa hata Julai. Na kuna papa. Sili, wanyama wa baharini ambao papa huwala, wamelindwa tangu 1972, wakazaana, papa weupe wakafuata chakula chao. Mwaka 2018 kijana aliuawa na papa Wellfleet, kifo cha kwanza cha namna hiyo Massachusetts tangu 1936. Siku hizi hupandishwa bendera ya zambarau yenye picha ya papa, na mimi nikiiona huishia kulowesha miguu. Kwetu mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuo ndio askari. Ndani yake mtoto anacheza hata asubuhi nzima.

Lakini kimya cha kule kinanishinda. Hakuna anayeuza kitu. Kila familia na mwavuli wake, kila mmoja na kitabu chake. Natamani Pirates, ufuo wa umma kule Mombasa, siku ya Idi: ngamia anapitishwa katikati ya watu, mpiga picha anakusihi, kijana wa tyubu anakumbusha muda umekwisha, viazi karai vya moto vinakuunguza ulimi. Pale hakuna anayeniuliza "nikusaidie?" Waokoaji wa kutosha hakuna pia, na hilo silisifu. Nikipewa kuchagua, nachukua kelele za Pirates, choo cha Cape Cod, na kaunti zetu ziweke vibao kwenye kila njia ya bahari iliyobaki kabla nayo haijapigwa ukuta. Hela za vibao ishirini ni ndogo kuliko za semina moja ya utalii.

Msimu uliopita nilinunua fimbo ya mshipi, nikalipia na leseni, maana huku kuvua baharini kunataka leseni. Tukaenda Brewster, upande wa ghuba, ambako maji yakipwa yanakwenda mbali hadi unaanza kuyatilia shaka. Binti yangu akaishika fimbo, tukatembea mbele ya majumba ya watu kifua mbele. Mama akapiga simu.

"Maji?"

"Yamepwa, mama. Leo tunavua."

"Mmepata nini?"

Binti akaniangalia, akainua ndoano.

"Mwani," nikasema.