Eti uzoefu hauhitajiki

Juzi mtoto wa dada yangu kanitumia tangazo, "mjomba naomba unichangie nauli", na chini yake picha ya vijana wamevaa fulana za rangi moja wanacheka. Nenda ng'ambo, jitolee wiki mbili, fundisha jamii kujikinga na VVU, uzoefu hauhitajiki. Hauhitajiki! Ugonjwa ambao kwa hesabu za UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, umeua watu kama 630,000 mwaka 2024 peke yake, na wengine milioni 1.3 wakaambukizwa mwaka huohuo, leo kuufundisha kunahitaji pasipoti na fulana tu. Huyo binti hata jina la kidonge kimoja cha ARV hajui, na simlaumu, tangazo limemwambia hahitaji kujua.

Na kabla hamjaniambia nina roho mbaya, mimi mwenyewe nimeshajitolea nje ya nchi, kazi hiyohiyo ya uelimishaji. Kitu cha kwanza kinachokupiga ukifika ni kwamba watu wanajua. Wanajua mbu haambukizi, wanajua kula sahani moja hakuna shida, habari ya kuacha ngono na kuwa mwaminifu na kutumia kondomu wameisikia tangu wakiwa shule ya msingi mpaka wanaweza kumalizia sentensi zako. Ukiona bado unawafundisha hayo wanakusikiliza kwa adabu, ujue ni adabu tu, au wanasubiri soda.

Kuna siku nilikaa kwenye semina ya volontia mmoja, kijana mzuri, mpole, ana sanamu lake la mbao mezani la kuonyeshea kuvaa kondomu. Akaanza: angalia tarehe, bonyeza pakiti usikie kama ina hewa, chana kwa vidole usitumie meno, bana ncha, viringisha mpaka chini, ukimaliza shika kwenye shina utoe kabla mambo hayajalegea. Hatua zote sahihi, hakuruka hata moja. Mkalimani kufika kwenye shina akashikwa na kikohozi, akina mama wakacheka, picha zikapigwa, imeisha. Watu wakaanza kutawanyika, mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akabaki, akasogea taratibu akauliza kupitia yuleyule mkalimani, ambaye ni jirani yake, hebu fikiria hilo nalo: hataki kuivaa ni mume wangu, sasa mimi nikishazijua hizo hatua nimfanyeje?

Kijana akamwambia azungumze na mumewe kwa uwazi.

Jamani. Sikulala vizuri siku ile, maana majibu yapo! Huyu mama angeweza kuambiwa kuna PrEP, kidonge cha kumkinga asiye na virusi, anachomeza yeye mwenyewe kila siku bila kuomba ruhusa ya mtu. Kuna pete ya ukeni yenye dawa ya kinga, dapivirine, inayokaa mwezi. Kuna sindano ya cabotegravir ya kila miezi miwili, na sasa imekuja lenacapavir, sindano mara mbili kwa mwaka, ile ambayo matokeo ya utafiti wa Uganda na Afrika Kusini mwaka 2024 yalionyesha kwamba kati ya wanawake na wasichana zaidi ya 2,000 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, na Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipitisha itumike kama kinga. Angeweza kuambiwa kwamba kama mume ndiye mwenye virusi na anameza dawa zake vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi kwa ngono. Na kama limeshatokea la kutokea jana usiku basi kuna PEP, dawa za kuzuia virusi visishike baada ya tukio, ianzwe mapema kadiri inavyowezekana na isivuke saa 72, umeze siku 28. Haya yote yangeingia kwenye ile semina kama tusingetumia saa nzima kwenye ncha na shina.

Lakini hata ukiyajua yote hayo bado hujamsaidia. Maana swali linalofuata ni: hiyo PrEP ipo kwenye kituo chetu au ni mpaka mjini? Inatolewa siku gani, na chumba gani, na wanaokaa kwenye lile benchi watajua nimefuata nini? Yule nesi mkali yupo zamu? Nikirudi nayo nyumbani kichupa kinalia kwenye mkoba, mume akikisikia je? Hapa wiki mbili zako hazina jibu. Mwenye jibu ni mwanamke wa palepale anayeishi na virusi, aliyeteuliwa kuwa mwelimishaji rika, ambaye atamwambia mwenzake ujaze pamba kwenye kichupa kisilie, uje Alhamisi mchana foleni ikiwa imeisha, niulizie mimi. Maneno yenyewe ndiyo hayo, hayana slaidi, na ndiyo yanayomfanya mtu ameze dawa.

Na huyo mwanamke analipwaje? Posho. Ikija. Wakati volontia wetu nauli yake tu ingemlipa huyo mwelimishaji muda mrefu sana, na bado tunamwita yeye "mnufaika wa mradi", looh.

Wala si jambo jipya ninalosema. Pale Uganda, TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na VVU, ilianza 1987, mwanzilishi wake Noerine Kaleeba ametoka kumzika mumewe, na wenzake wengi aliokaa nao walikuwa wanaishi na virusi wao wenyewe, kipindi ambacho hata dawa hakuna. Philly Lutaaya, mwanamuziki, yeye kweli alitoka ng'ambo, alikuwa anaishi Sweden, lakini aliporudi 1989 akazunguka mashuleni na makanisani hakuja kuwasimulia watu kuhusu watu wengine, alikuja kusema mimi ninao, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Watu walimsikiliza, na wale waliomtukana na kusema anadanganya nao walikuwa wamemsikiliza.

Upande wa pili kuna yale mafundisho yanayokuja yameshapangwa na mwenye pesa. Sheria ya Marekani ya 2003 iliyoanzisha PEPFAR, mpango wao wa kufadhili vita dhidi ya UKIMWI nje ya nchi, ilitaka theluthi ya fedha za kinga iende kwenye kuhubiri kusubiri mpaka ndoa, sharti lenyewe likaja kuondolewa 2008. PEPFAR imeokoa watu, mamilioni, silikatai na atakayelikataa mbele yangu tutagombana. Ila nenda kamwambie "kuwa mwaminifu" mke ambaye maisha yake yote amelala na mwanaume mmoja, uone atakavyokuangalia.

Na tulivyo na bahati, Januari 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa ghafla. Waelimishaji rika wengi wakaambiwa wakae nyumbani, na mwezi uliofuata ruhusa ya kuendelea na baadhi ya huduma ilipotoka, PrEP ya fedha za PEPFAR ikabakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Matangazo ya kujitolea wiki mbili hayakusimama. Hayo yanajilipia, mteja wao ni volontia.

Sasa, nitakubali kimoja, kwa shingo upande. Mgeni ana faida yake. Mtu anaweza kumwambia mgeni jambo ambalo hamwambii nesi wa kwao hata umfunge kamba, kwa sababu mgeni hana shangazi wa kumpelekea umbea. Nimeambiwa mambo nisiyostahili kuambiwa, na mtu mzima kabisa, baba wa watu, kwa sababu tu alijua mimi nitaondoka. Ila faida hiyo inakufa palepale unapomweka jirani katikati akutafsirie. Kwa hiyo lugha kwanza. Kaa mwaka, kaa miwili, jifunze lugha mpaka uweze kuelewa mzaha, halafu fanya kazi ambazo hazipigwi picha. Volontia bora niliyewahi kufanya naye kazi alikaa muda mrefu na karibu hakusimama mbele ya watu, alikuwa stoo anahesabu makopo ya dawa na kulinganisha na rejista, na kuwapigia simu waliokosa kliniki baada ya yule mwelimishaji rika kumwambia nani apigiwe na nani asipigiwe kabisa maana simu inakaa kwa mume. Hakuna atakayekutangazia hiyo.

Ushauri wa bure kwa wanaoandaa hizi safari: andikeni kwenye tangazo ni nani atajibu maswali volontia akishapanda ndege. Kama hakuna jina la kuandika hapo basi mnauza utalii, na utalii si dhambi, uzeni tu mseme ni utalii.

Halafu zile picha. Nimeziona nyingi, wanawake wamekaa kwenye mabenchi, nyuso zinaonekana vizuri kabisa, na nyuma yao bango limeandikwa VVU kwa herufi kubwa. Wengi wao pengine hawana hata hivyo virusi. Lakini wana wakwe, wana simu, wana majirani wenye simu, na mtoto wa mmoja wao, wa miaka kumi na tano, anaweza kuonyeshwa hiyo picha na mwenzake darasani. Hakuna aliyewauliza, au waliulizwa kwa lugha wasiyoijua huku soda iko mkononi. Kama umezipandisha mtandaoni, zishushe leo.