Mkwe Mwenye Digrii 250

Tarehe 23 si tarehe ya kupokea mgeni. Mshahara wa mwezi uliopita umeshakuwa hadithi, wa mwezi huu bado ni ndoto, halafu simu inaita asubuhi: Shangazi yuko kwenye basi, ameshapita Segera. Shangazi huyu ni wa mke wangu, ndiye aliyemlea, na kule Tanga ndiye aliyesoma barua yangu ya posa mara mbili kabla hajasema "haya, aje".

Mke wangu ni muuguzi, na siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana mpaka saa 2 usiku. Aliondoka na maagizo mafupi. "Dagaa wako kwenye friji, unga upo. Usijaribu kitu."

Hilo la "usijaribu kitu" ndilo lililoniponza.

Wiki nzima nilikuwa nikiangalia kwenye simu video ya mama mmoja wa Kimarekani anayepika chakula cha bei nafuu. Anapanga slesi za viazi, anamwaga nyama ya kusaga iliyokaangwa, anamiminia supu ya uyoga ya kopo, anafunika kwa chizi, anasukuma ndani ya oveni, basi. Saa moja baadaye anatoa kitu cha rangi ya dhahabu kinachotokota pembeni, na kusema kinatosha watu sita kwa chini ya dola 10. Dola 10 ni kama 25,000 ya kwetu, na hapo ndipo ningepaswa kujiuliza tangu lini mtu wa Tabata hapa Dar akatumia 25,000 kwa chakula cha usiku mmoja akasema amebana matumizi. Lakini mimi ni mhasibu. Nikapiga hesabu kichwani: viazi ni vya kwetu, ng'ombe ni wa kwetu, nitakitoa kwa 12,000.

Digrii yangu ya uhasibu imetundikwa sebuleni ndani ya fremu, juu ya friji. Naitaja mapema kwa sababu itarudi.

Buchani niliagiza kwa sauti ya mtu anayejua anachotaka: "Nipe mchanganyiko nusu kilo, unisagie." Yule kijana akaniangalia, akaiangalia mashine. "Bosi, mchanganyiko una mifupa. Nikusagie na mifupa?" Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Ikabidi nichukue steki, 6,500. Viazi 3,000. Nyanya na vitunguu 2,000. Chizi nilifuata supamaketi, kipande cha ukubwa wa sabuni ya gesti, 9,000. Kopo la supu ya uyoga nililiona, nikaona na bei yake, nikalirudisha kwenye rafu taratibu kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Baadaye nimesoma kwamba kopo hilo ndilo roho ya chakula chenyewe. Kampuni ya Kimarekani ya Campbell's iliitoa supu yake ya uyoga mwaka 1934, na kule jimbo la Minnesota, ambako chakula cha namna hii wanakiita hotdish na kukipeleka kanisani kikiwa na joto lake, supu hiyo ndiyo mchuzi, ndiyo gundi, ndiyo kila kitu. Mimi siku ile sikuwa na habari. Niliona kitu cheupe kizito, nikasema cheupe kizito hata kwetu kipo. Nikanunua mtindi, 1,500.

Jumla 22,000. Bado niko chini ya dola 10, nikajipongeza.

Shangazi alifika saa 9 na mkoba wake na kikapu cha machungwa. "Shikamoo Shangazi." "Marahaba baba. Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia yuko zamu. Macho yake yakateremka mpaka kwenye kanga ya mke wangu niliyokuwa nimejifunga kiunoni.

"Leo napika mimi, Shangazi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Haya."

Asiyewahi kuwa na mkwe wa Tanga hawezi kujua uzito wa hiyo "haya". Akatandika mkeka mlangoni mwa jiko, akatoa ukili wake kwenye mkoba, akaanza kusuka. Hakuuliza neno tena. Kila nikigeuka nakuta vidole vinasuka na macho yananitazama.

Oveni niliiazima kwa jirani wa chumba namba tatu, ile ndogo ya kuweka mezani, inayoenea kuku mmoja akikunjwa vizuri. Ina swichi tatu: ya dakika, ya joto, na ya tatu yenye vimchoro vya mistari ambayo sikuigusa, kwa kuwa ya mtu huachwa ilivyo. Nikakata viazi slesi nene, maana nyembamba zilikuwa zinanikata vidole. Nikakaanga nyama na nyanya nne. Nikamwaga mtindi. Kwa kuwa nilisikia harufu ya nyama nyama, nikakamulia na ndimu mbili. Hapo vidole vya Shangazi vikasimama. Akafumbua mdomo, akaufumba, akaendelea na ukili.

Sasa joto. Yule mama wa video alisema 350 kwa saa moja. Nikazungusha swichi, ikafika 250, ikagoma. Mwisho wa safari. Mtu wa kawaida hapo angeuliza. Mhasibu hutafuta uwiano. Nikachukua kalamu: 350 mara dakika 60 ni 21,000. Gawanya kwa 250, unapata 84. Kwa hiyo oveni yetu, kwa kuwa ni dhaifu, itafanya kazi ileile kwa dakika 84. Niliipenda sana hesabu hii. Nilimwonyesha binti yangu wa darasa la nne karatasi ile ili ajue hisabati haikai darasani tu. Nikawasha saa 11 na nusu.

Ni lazima niseme siku yenyewe ilikuwa siku gani. Simba na Yanga walikuwa uwanjani tangu saa 11. Nyumba yetu ina wapangaji watano na LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, tunachangia kila mwezi, na kwa bahati nzuri au mbaya nusu ya nyumba ni wekundu na nusu ni njano. Kila chumba kilikuwa kimewasha televisheni. LUKU nayo pale ukutani ilikuwa imewasha taa nyekundu, imebakiwa na uniti mbili na kitu, na kila mmoja alikuwa amepita akaiona na kusema mwenzake atanunua. Oveni ya wati 1,500 hakuna aliyeijumlisha. Hata mimi, mwenye fremu.

Dakika ya ishirini nyumba ilinukia vizuri, nami nikamtazama Shangazi kwa jicho la ushindi. Dakika ya thelathini na tano harufu ikabadilika kidogo, nikasema hiyo ndiyo rangi ya dhahabu inaingia. Dakika ya arobaini na tano Shangazi alipiga chafya. Nikachungulia kioo cha oveni, sikuona kitu, kimejaa moshi. Nikajiambia bado dakika 39, hesabu haidanganyi.

Kipindi cha pili, mwamuzi akaonyesha penalti. Nyumba nzima ikanyamaza. Mpigaji akaweka mpira, akarudi nyuma hatua nne.

Umeme ukakata.

Kwa sekunde moja hakuna aliyepumua. Halafu nyumba ya ng'ambo ya uchochoro ikalipuka kwa kelele. Watu waliruka, mabati yalipigwa, mtu alilia kwa furaha. Sisi tukabaki hatujui ni nani kafunga, au kama kipa kadaka. Wekundu na njano wote wakatoka ukumbini gizani wakiulizana, "Imeingia? Imeingia?" Kisha mmoja akainusa hewa.

"Nani anachoma kitu?"

Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwangu taratibu, kama shahidi anayepanda kizimbani. Tochi za simu tano zikanigeukia, mimi na kanga yangu.

Aliyeifungua oveni ni fundi friji wa chumba cha nyuma. Akamulika swichi. "Mbona umeweka 250?" Nikamweleza habari ya 350 na uwiano, nikamtolea na karatasi. Aliisoma mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. "Kaka, 350 ya Wamarekani ni Farenhaiti. Unatoa 32, unazidisha kwa 5, unagawanya kwa 9. Ni 177 hiyo. Oveni haikuwa dhaifu, wewe ndiye uliyeizidishia." Akamulika swichi ya tatu. "Na hapa umewasha waya wa juu tu. Chini hakuna moto."

Kwa hiyo nilikuwa nimefanikiwa jambo gumu. Juu chizi ya 9,000 ilikuwa imegeuka lami iliyokauka, unagonga inalia ko ko ko. Chini viazi vilikuwa vibichi, vinakatika kwa mlio kama karoti. Katikati mtindi ulikuwa umekatika vipande vipande, maji upande mmoja na vidonge upande mwingine. Mtu wa chumba namba tatu hakuuliza chakula, aliuliza oveni yake.

Nyumba ilipitisha hukumu palepale ukumbini: umeme nanunua mimi peke yangu. Nikanunua wa 10,000 kwa simu. Token ina tarakimu 20, na kuibonyeza gizani huku watu tisa wakikusomea kwa pamoja, kila mmoja akiwa na kasi yake, ni kazi. Mara ya kwanza ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Mara ya tatu taa zikawaka, mpira umekwisha, na watu wa ng'ambo walikuwa wameshatoka barabarani. Matokeo siyaandiki, kuna majirani hawajanisamehe mpaka leo.

Niliporudi jikoni nilimkuta Shangazi amejifunga kibwebwe. Amewasha jiko la mkaa nje, mkaa wa 2,000 binti yangu ametumwa dukani. Lami ya chizi ameibandua yote kwa mpigo mmoja, kama mtu anayefunua mkeka. Nyama ameitenga huku, viazi huku, anavisuuza ule mtindi.

"Shangazi, samahani."

"Kiazi na ukali havikai chungu kimoja, baba," alisema bila kuinua macho. "Ukitia ndimu kabla hakijaiva kinafunga moyo. Utakichemsha mpaka kesho. Nyanya nne, mtindi, ndimu mbili! Nilidhani unamfanyia mtu dawa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia unapika wewe."

Akatoa kwenye mkoba kijikaratasi kilichokunjwa, akamega punje ya magadi, akaitia kwenye maji ya viazi. Vile vigumu vikalegea kabla sijamaliza kufagia. Akaviponda. Nyama akaikausha upya kwa thomu, tangawizi na pilipili, akaonja, akasema ndimu ipo ya kutosha mpaka Idi. Nikaambiwa nilete mayai manne na mafuta. Mayai 1,600, mafuta 3,000. Akawa anafinyanga viduara vya viazi, nyama katikati, anachovya kwenye yai, anatia kwenye mafuta. Katlesi. Nyama ya kusaga na viazi, vitu vilevile viwili vya yule mama wa Kimarekani, ila Shangazi ndani amefunga nyama, nje kiazi. Zikatoka 18. Sita alizipeleka chumba namba tatu yeye mwenyewe kwenye sahani iliyofunikwa, nikasikia wanamwombea dua.

Mke wangu alirudi saa 2 na nusu. Akala moja amesimama, ya pili amekaa. "Shangazi, umepika wewe?"

"Kapika mumeo."

Nikanyoosha mgongo.

"Kapika kwa digrii," Shangazi akaendelea, akanyoosha kidole juu ya friji. "Nilijua ana moja ile. Kumbe ana mia mbili na hamsini, na hajui kuchemsha kiazi."

Mke wangu alikohoa katlesi mpaka ikabidi apewe maji. Binti yangu akaleta ile karatasi ya uwiano, ikasomwa upya kwa sauti, na mimi nikatoka nje kuangalia LUKU.

Usiku nilifunga hesabu. Jumla 38,600. Kwa hela hiyo ningewanunulia wote chipsi mayai, nikabaki na nauli ya Shangazi ya kwenda kituoni. Dagaa walikuwa bado kwenye friji, chini ya digrii yangu.

Siku ya tano tulimsindikiza stendi ya Magufuli, Mbezi. Aliniaga vizuri, akanishika mkono, hakutaja kitu. Nikashukuru moyoni kwamba yamekwisha. Wiki iliyofuata kondakta wa basi la Tanga akanipigia nikachukue mzigo. Gunia la machungwa ya Muheza, limefungwa kwa kamba ya ukili, na chini kabisa kijikaratasi cha magadi. Juu ya gunia, kwa kalamu nene, mbele ya makuli wote wa stendi, palikuwa pameandikwa: APEWE DIGRII, TABATA.

Kuli aliyelibeba alinitazama kwa heshima, akaniuliza nafundisha chuo gani.