Manchester ilipopigwa, nilikumbuka matatu ya Thika Road

Alfajiri ya Jumanne, tarehe 23 Mei 2017, niliamshwa hapa Manchester na simu ya mama kutoka Mombasa. Nililala mapema kwa sababu ya zamu ya asubuhi, kwa hiyo yeye alijua kabla yangu kwamba bomu limelipuka Manchester Arena kwenye onyesho la Ariana Grande. Waliokufa walikuwa 22, wakiwamo watoto, na wazazi waliokuja kuwachukua wanao.

"Rudi nyumbani mwanangu, huko hakukaliki," akasema. Kisha akaongeza, "Na sisi tuwatolee onyo watu wetu wasiende Uingereza." Mama hasahau. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake kuhusu Mombasa, watalii kwa mamia wakapandishwa ndege likizo haijaisha, na Pwani nzima ikalala njaa kwa ajili ya onyo hilo.

Siku mbili tatu za mwanzo sikuona tofauti ya huku na kwetu. Baada ya magaidi kushambulia jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, Nairobi ilipanga foleni kutoa damu, watu wakachanga kwa M-Pesa, na Wahindi wa Oshwal wakageuza ukumbi wao kuwa mahali pa kuhudumia watu. Huku madereva wa teksi walibeba watu bure usiku kucha, na wenyeji wakawafungulia milango wageni wasiowajua wapate pa kulala. Maua yakajaa St Ann's Square. Halafu foleni ya kuchorwa tatuu ya nyuki, alama ya mji huu. (Hilo la tatuu mama sijamwambia mpaka leo.)

Tofauti ilikuja baadaye. Kwetu hofu ilihamia mlangoni. Supamaketi, benki, hata msikitini siku ya Ijumaa, askari anakupitishia kile kidude chake, kinalia pii, naye anasema "karibu mama" bila kuuliza kimelilia nini. Tukazoea. Huku walipoanza kukagua mikoba, dada mmoja Mwingereza mbele yangu aliona haya kama anavuliwa nguo, akawa anaeleza kitu kimoja kimoja anachokitoa. Mimi nilipofika mezani zipu ilikuwa wazi tayari na mikono imejiinua yenyewe. Mlinzi akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi uwanja wa ndege.

Lakini baada ya kukaguliwa, bado nilitazamwa. Wiki ile kwenye tramu, watu wamesimama wameshikilia vyuma, kiti cha ubavuni mwangu kitupu mpaka nashuka. Hakuna aliyenitukana, haki ya Mungu. Mtandio wangu tu na kile kiti.

Ndugu zetu wa ughaibuni, jambo likitokea hivi, hupenda kusema: ubaguzi ni wa Wazungu, kwetu hatuna. Mimi siwezi kusema hivyo, na sababu ninayo.

Aprili 2014 serikali yetu ilifanya msako Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, Wasomali kwa maelfu wakakamatwa, wengine wakazuiliwa uwanja wa Kasarani, na wengi wetu tukaona sawa tu. Mwezi uliofuata mabasi mawili yakalipuliwa Thika Road, njia yangu ya kila siku. Siku chache baadaye nimo kwenye matatu naenda Roysambu, akapanda kijana wa Kisomali na begi mgongoni, akaketi karibu yangu, akaliweka begi miguuni taratibu. Ile taratibu ndiyo iliyonimaliza. Mimi Muislamu kama yeye, nimejitanda mtandio huuhuu, nikagonga dirisha: "Shukisha hapo!" Nikashuka Muthaiga, pasipo na shughuli yoyote inayonihusu, nikalipa nauli ya pili. Wakati matatu inaondoka niliona begi limefunguka kidogo. Ndani kulikuwa na vitabu na chupa ya maji. Kijana alikuwa anatazama mbele, wala hakugeuka.

Mwenzangu wa kazini, Mwingereza, nilipomsimulia habari ya kiti cha tramu, alikasirika kuliko mimi. Akataka niandike malalamiko, akajitolea kunisaidia kuyaandika. Nikamwambia nitafikiria. Habari ya Muthaiga sikumwambia.