Rimiksi ya Haki Ianze na Jina la Mpiga Ngoma

Mwaka 2021 lilianzishwa nchini Marekani shindano la wanafunzi liitwalo Your Voice is Power. Walioshirikiana kuliandaa ni chuo kikuu cha Georgia Tech cha Atlanta, mpango wa elimu wa kampuni ya Amazon, na taasisi ya YELLOW ya mwanamuziki Pharrell Williams. Mwanafunzi alipewa vipande vya wimbo ambao Pharrell aliuimba na Jay-Z kuhusu Wamarekani weusi wanaojijengea biashara zao. Akavipange upya kwa kuandika programu ya kompyuta, na rimiksi yake iseme neno kuhusu usawa wa watu wa rangi zote.

Naiunga mkono kazi hii kwa moyo wote, ingawa sababu yangu si ile inayotajwa kila mara. Husemwa kwamba vijana wanapenda muziki, basi muziki utawavuta wajifunze kompyuta. Sikatai. Ila tukiishia hapo, muziki tumeufanya chambo tu, na chambo hutupwa samaki akishanasa. Muziki huu una somo lake wenyewe la haki, na somo hilo limo ndani ya vile vipande vya sauti ambavyo mwanafunzi anavikata na kuvipanga.

Nyenzo wanayoitumia inaitwa EarSketch, iliyobuniwa hapo hapo Georgia Tech. Hufunguka kwenye kivinjari, bila malipo na bila kusakinisha chochote, na unaandika kwa lugha ya Python au JavaScript. Amri ya fitMedia inataka mambo manne: sauti gani, njia ya ngapi (yaani safu ya sauti), ianze kwenye baa gani (kipimo kimoja cha mdundo) na iishie wapi. Amri ya makeBeat ndiyo inayonifurahisha zaidi. Unaandika mdundo kwa alama: sifuri inaanzisha sauti, alama ya kujumlisha inairefusha, kistari ni kimya. Kila alama ni sehemu moja ya kumi na sita ya baa. Mtoto ambaye hajawahi kusoma nota anauona mdundo umeandikwa mbele yake, anahamisha kistari kimoja, anasikiliza, na papo hapo anajua alichokibadilisha. Akitaka mdundo urudi mara ishirini, haandiki mara ishirini; anaiagiza kompyuta izunguke. Hapo ameelewa kitanzi, dhana inayowatoa jasho wengi wanaoanza kujifunza programu.

Hiyo pekee ni hatua ya usawa. Piano ni ghali, na studio ni ghali zaidi. Maktaba ya EarSketch ina maelfu ya sauti, nyingine zimetengenezwa na mabingwa kama Young Guru, mhandisi wa sauti wa Jay-Z, na mwanafunzi ana ruhusa ya kuzitumia. Ruhusa hiyo si jambo dogo. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa kuchukua sampuli, yaani kipande cha wimbo wa mwingine, bila kibali, na tangu hapo kazi ya sampuli imekuwa ya vibali, mawakili na pesa. Kijana asiye na kampuni nyuma yake alibaki nje.

Lakini sheria hiyohiyo haikuwafaa wapigaji wengi ambao sauti zao zilikuwa zimeshachukuliwa. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi, Atlanta huko huko, wimbo wa upande wa pili wa santuri. Katikati yake mpiga ngoma Gregory Coleman alibaki peke yake kwa baa nne, sekunde zisizofika kumi. Sekunde hizo zimekatwa na kutumika katika maelfu ya nyimbo. Hip hop ilizitumia, na muziki wa jungle wa Uingereza ulijengwa juu yake. Coleman alifariki mwaka 2006, fukara asiye na makazi, bila kupata mrabaha wowote, yaani malipo ya haki ya kazi yake, kwa matumizi hayo. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alisubiri hadi 2015, kampeni ya mashabiki iliyoanzishwa Uingereza ilipomchangia takriban pauni 24,000. Ulikuwa mchango wa hiari. Haukuwa mrabaha.

Nikifikiria darasa linalochanganya muziki kwa ajili ya haki, hiki ndicho kisa ambacho ningependa kikae katikati ya somo. Rimiksi za wanafunzi kuhusu usawa huelekea kufanana kwa urahisi: biti nzito chini, sauti ya hotuba maarufu juu, neno la umoja mwishoni. Sina ubaya na hotuba. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anaweza kuutetea usawa kwa maneno makubwa huku mikononi mwake ana kipande cha ngoma ambacho hajui kilipigwa na nani. Dhuluma aliyotumwa kuizungumzia ameshaipitisha kwenye mstari wa tatu wa programu yake, na hakuna aliyemwonyesha.

Ndiyo maana nasema kuandika programu kunafaa kuliko kubofya vitufe kwenye programu za kawaida za muziki. Programu ni maandishi, na maandishi yanasomeka. Mwalimu anaona kila sauti imetoka wapi, imewekwa wapi na kwa nini. Mwanafunzi mwenzake anaweza kuichukua kazi hiyo, akaibadilisha, na asili ikabaki. Tena Python ina mistari ya maelezo inayoanza na alama ya reli (#). Kompyuta inairuka, binadamu anaisoma. Faili jipya la EarSketch hufunguka likiwa na mistari hiyo juu: jina la programu, mwandishi, maelezo.

Ningeongeza mmoja wa lazima: nani alipiga sauti hizi, na alilipwa vipi. Mwanafunzi akishindwa kujibu, atafute. Asipopata, aandike kwamba hakupata, na mwalimu alichukulie pengo hilo kama mada ya kipindi kizima. Waamuzi wa mashindano nao wausome mstari huo kabla ya kubofya kitufe cha kusikiliza, na wautolee alama sawasawa na mdundo.